Taa tano, njaa moja: namna ya kulisoma Benzi lililochoka

Asubuhi moja ya masika, mvua ilikuwa imenyesha Nyegezi, hapa Mwanza, usiku kucha, niliwasha gari dashibodi ikawaka kama ukumbi wa harusi. ABS, ESP, mifuko ya hewa, taa ya injini, onyo la breki kwa maandishi mekundu, na juu ya yote gia ikagoma kutoka P. Fundi wa kwanza nilimpigia simu. Akasema kompyuta ya breki imekufa, niandae milioni kadhaa. Wa pili alikuja na mashine ya kupimia, akasoma makosa 23, akaniandikia orodha ya spea inayokaribia bei ya gari lenyewe. Wa tatu, mzee mmoja wa Mabatini, aliomba nifungue buti. Akaweka mita kwenye betri, ikasoma volti 11.4, akacheka.

"Mwanangu, hili halijaugua. Lina njaa."

Tukafunga betri mpya, tukapiga msasa pale waya wa ethi, ule wa hasi ya betri, unapokutana na bodi, tukazunguka mpaka stendi na kurudi. Taa zote tano zilizima.

Gari ni E200 Kompressor, umbo la W211, la mwaka 2004, na saa yake inasoma kilomita 287,000. (Saa ya gari lililopita mikono minne ni ushahidi wa kusikia, lakini tuiache isimame hivyo.) Watu husema gari la namna hii likizeeka huwa na magonjwa mia. Mimi naona lina manne au matano tu, ila kila moja lina sauti ishirini. Ukifukuza sauti utanunua spea mpaka uuze kiwanja. Ukitafuta zinakotoka, mara nyingi utaishia kwenye vitu visivyo na hadhi hata kidogo: betri, ethi, mfuniko wa rejeta, bomba la mpira lililopasuka, pete ya mpira inayoenea kwenye kidole. Ninayoyaandika hapa nimeyapanga kwa W211 kwa kuwa ndilo ninalolala nalo, lakini mwenye Crown, Mark X au BMW wa umri huo atajikuta humo humo.

Anza na umeme, hata kama lalamiko ni la gia

Kwenye Corolla ya miaka ya 1980, swichi ya dirisha hupeleka umeme kwenye mota ya dirisha, dirisha linashuka, kwisha. Kwenye W211 swichi haipeleki umeme, inapeleka ujumbe. Kompyuta ya mlango inaupokea, inauweka kwenye nyaya mbili ambazo kompyuta zote za upande huo zinazitumia kwa pamoja, na mwenye kazi yake anaitekeleza. Kuna kompyuta ya injini, ya gia, ya breki, ya milango, ya viti, ya taa za mbele, ya taa za nyuma. Zote zinaongea muda wote, na kila moja inategemea taarifa za mwenzake. Kasi ya magurudumu, kwa mfano, inasomwa na breki, lakini giaboksi nayo inaihitaji, na saa ya mwendo, na hata redio inayoongeza sauti gari likikimbia.

Sasa fikiria wavuvi wa dagaa usiku wa giza, kila mtumbwi na taa yake juu ya maji. Taa ya mmoja ikizima, mitumbwi iliyobaki yote itapiga kelele kwamba fulani kazama. Kumbe yuko palepale, taa imemwishia nguvu. Ndivyo kompyuta za gari zinavyofanya volti zikishuka. Moja inanyamaza kwa sekunde moja wakati wa kupiga stata, nyingine kumi zinaandika kosa la kutomsikia. Mashine ya fundi wa pili ilisoma makosa 23 ya kweli. Kosa lilikuwa kuyachukulia kama vifo 23.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi, mita. Betri nzima iliyolala usiku bila kazi husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6, na injini ikishawaka altaneta ipeleke kati ya 13.8 na 14.5. Kisha pima ethi, kipimo ambacho sijui kwa nini mafundi wengi hukiruka: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani, kwenye kutu au kwenye waya uliokatika ndani ya ganda lake. Betri ya W211 iko kwenye buti, kwa hiyo utahitaji waya mrefu wa kuungia mita. Na W211 za kabla ya mwaka 2006 zina betri mbili. Ile ndogo iko mbele chini ya boneti, na kazi yake ni kuzipa breki umeme wa akiba. Nimeshakutana na mtu aliyelimiliki gari hilo miaka mitatu bila kujua kama ndogo ipo.

Kuna betri mpya inayokufa kila baada ya siku mbili. Hapo kuna kitu kinachokula umeme gari likiwa limezimwa. Gari likishalala kabisa, matumizi yasizidi miliampea 50. Neno la kushika hapo ni "likishalala". Kompyuta hizi hazilali ukishafunga mlango. Zinaweza kuchukua nusu saa, na ukifungua mlango zinaamka tena. Fundi anayepima dakika mbili baada ya kuzima injini ataona ampea kadhaa na kulaumu redio. Funga komeo la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, acha mita ikiwa imeungwa, nenda ukanywe chai, ndipo urudi usome.

Na mvua ya Nyegezi? Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji wenye matundu ya kutolea maji. Ukilaza gari chini ya mwembe kwa miaka, matundu yanaziba kwa majani, maji yanapanda, na yanatafuta njia ya kuingia kwenye masanduku ya fyuzi na kompyuta zilizo jirani. Dakika tano za kuchokoa matundu kwa waya kabla ya masika ni matengenezo ya bei nafuu kuliko yote ninayoyajua.

Kuhusu mashine yenyewe. Namba ya kosa haitaji kifaa kilichokufa. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi au mafuta kidogo, haisemi "nunua sensa ya oksijeni". Namba inayoanza na U inasema kuna mtu hasikiki kwenye mtandao, na mara nyingi hiyo ni njaa tu. Mwambie fundi aandike namba zote, azifute, mwendeshe gari siku moja, asome tena. Zitakazorudi ndizo za kushughulikia. Fundi anayekataa hatua hiyo, mimi humshukuru na kumlipa nauli yake.

Mwanza maji huchemka mapema

Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji umekaa ukingoni mwake. Kwa sufuria ya maharage na kwa rejeta, maana yake ni moja: maji yaliyo wazi yanachemka karibu nyuzi 96, wakati Dar es Salaam yangesubiri 100. Nyuzi nne si jambo kubwa jikoni. Kwenye injini inayofanya kazi kati ya nyuzi 85 na 105, ni kubwa.

Kinachozuia maji yasichemke humo ndani ni shinikizo, na shinikizo linatunzwa na mfuniko. Mfuniko wa Benzi nyingi umechapwa 140, yaani unaruhusu kilopaskali 140 juu ya hewa ya nje kabla haujaachia. Kwa kiasi hicho hata maji matupu yangevumilia kupita nyuzi 120 hapa Mwanza. Lakini mpira wa mfuniko ukikauka na kuachia mapema, umerudi kwenye 96, na injini ikipanda Bugando mchana wa Oktoba AC ikiwa imewashwa inafika huko bila shida. Maji yanachemka kwenye vichwa vya silinda, mvuke unasukuma yaliyobaki nje, unasimama kando ya barabara, mtu anakuambia gasketi imeungua. Huenda imeungua kweli, kwa sababu uliendelea kuendesha. Lakini ilianza na mfuniko.

Ndiyo maana sikubali maji ya bomba, achilia mbali ya ziwani, kwenye rejeta. Watu wanadhani kulanti ni dawa ya baridi kali ya Ulaya na sisi haituhusu. Kwetu ina kazi nyingine mbili: inapandisha kiwango cha kuchemka, na inalinda alumini isiliwe. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri yanafaa, inaongeza kama nyuzi nane. Maji ya bomba yanaacha magadi ndani ya mirija, na mirija ya rejeta ni myembamba. Usiamini rangi, kwa sababu kila mtengenezaji hupaka anavyotaka. Soma namba ya kiwango iliyoandikwa kwenye dumu; kwa W211 ni 325.0.

Likianza kuchemsha, angalia linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni ya Buzuruga na kupoa ukipata mwendo, tatizo ni feni, kwa sababu kwenye mwendo upepo wa barabara unafanya kazi ya feni bure. Likitulia kwenye foleni na kuchemsha mlimani au kwenye mwendo mrefu, tazama rejeta iliyoziba, kulanti pungufu, pampu, au temostati isiyofunguka yote. Hosi ya juu ikiwa ngumu kama jiwe alfajiri, injini haijawashwa tangu jana, hapo ndipo uiogope gasketi, kwa sababu gesi ya mwako ndiyo iliyoingia kwenye njia ya maji na kubaki na shinikizo lake.

Rejeta huziba nje pia. Wale vijidudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi, ukikutana na wingu lao njia ya Musoma usiku, hawaishii kwenye kioo. Wanajaa kati ya kondensa ya AC na rejeta, vumbi linawafunika, mvua inawakandika, panakuwa na ukuta wa udongo usioonekana kwa mbele. Kuosha kwa presha kutoka mbele kunaukandamiza zaidi. Inabidi kuzitenganisha na kuosha kwa maji mapole kutoka upande wa injini.

Sasa temostati. Ukisema "linachemsha" kwenye gereji tatu, mbili zitakushauri uing'oe. "Huku kwetu joto, bosi, haina kazi." Ushauri huu umeua injini nyingi taratibu. Temostati inaamua maji yaende wapi: injini ikiwa baridi yanazunguka njia fupi ndani yake, ikipata joto yanapelekwa kwenye rejeta na njia fupi inafungwa. Ukiing'oa, kwenye injini nyingi njia fupi inabaki wazi daima, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kuonja rejeta, na mlimani gari linaweza kuchemsha zaidi kuliko awali. Kwenye tambarare kinyume chake: injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na kuendelea kumwaga petroli nyingi, petroli inaosha kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Baada ya mwaka unaambiwa ringi zimekwisha. Anayekuungia feni izunguke moja kwa moja tangu unapowasha ni ndugu yake huyo huyo. Ameficha ugonjwa na kukuongezea kazi ya altaneta.

Mshale wa joto nao usiuamini sana. Kwenye magari mengi ya miaka hii umepangwa utulie katikati ili usikutie hofu, na ukija kusogea umechelewa. Nunua kile kifaa kidogo cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu. Kitakupa nyuzi halisi, na kitakufaa kwa hili linalofuata.

Hewa ya wizi, na oili inayopanda waya

Plastiki na mpira vina umri wao hata kama gari halikutembea. Joto la miaka 20 chini ya boneti limeoka kila bomba la hewa. Injini ya M271 iliyo kwenye E200 ina kompresa na vibomba vingi vya kupumulia, vingine vimejificha chini ya mfumo wa kuingizia hewa ambako mkono haufiki. Vikipasuka, hewa inaingia bila kupita kwenye sensa inayoipima. Kompyuta inapanga petroli kwa hewa iliyohesabiwa, kumbe iliyoingia ni zaidi. Injini inatetemeka, gari linamisi likiwa limesimama, taa ya injini inawaka, P0171. Kisha zinanunuliwa plagi, koili, nozeli na sensa ya oksijeni, kwa mpangilio huohuo, na taa inarudi.

Kifaa chako cha simu kinaweza kukuokoa hapo. Tafuta mistari miwili, STFT na LTFT. Ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta imeongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Kati ya 5 juu na 5 chini, raha. Hata 10 si kesi. Ikisoma 20 juu gari likiwa limesimama, na ukikanyaga mpaka mizunguko 2,500 ikashuka kwenye 4 au 5, una hewa ya wizi: ufa uleule ni sehemu kubwa ya hewa injini inapopumua kidogo, na ni sehemu ndogo inapopumua sana. Ikiwa nzuri ukisimama na kupanda ukiwa mlimani, geukia pampu ya mafuta, chujio lake, au sensa ya hewa yenyewe iliyochafuka. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kimeniepusha na nozeli nne.

Fundi mwenye mashine ya moshi atauona ufa kwa macho. Wale wanaopulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini inayowaka ili wasikie mlio ukibadilika, waambie wafanyie gari lao.

Jambo la pili la hapa ni la ajabu kidogo. Mbele ya M271, na kwenye M272 ya V6 pia, kuna sumaku zinazosogeza kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Sumaku zikizeeka oili inapenya ndani yake na kuingia kwenye plagi ya umeme. Humo inakuta nyuzi za shaba zilizosukwa ndani ya ganda. Umewahi kuona utambi wa koroboi? Mafuta yanapanda juu yenyewe bila kusukumwa. Oili inapanda ndani ya waya vivyo hivyo, miezi kwa miezi, inatokea kwenye sensa za oksijeni, na mwisho wake ni kompyuta ya injini. Chomoa plagi za sumaku uangalie. Zikiwa kavu, zifungie kipande cha waya kifupi kinachouzwa kwa kazi hiyo, ambacho kitalowana badala ya waya mkuu. Zikiwa zimelowa, fuatilia mpaka kwenye kompyuta kabla hujanunua sensa yoyote.

Giaboksi ya gari hili, ya gia tano inayojulikana kwa namba 722.6, ina utambi wake. Ubavuni kuna plagi ya pini 13 yenye pete mbili ndogo za mpira. Pete zikikauka, hidroliki, yaani mafuta ya giaboksi, inapanda waya mpaka kwenye kompyuta ya gia, mahali ambapo hakuna mtu angewaza kutafuta mafuta. Gari linakwama gia ya pili, unazima na kuwasha, linapona, kesho linakwama tena. Ukisikia habari hiyo, usikubali giaboksi ishushwe mpaka plagi hiyo imechomolewa na kutazamwa. Chanzo kingine cha dalili hizohizo ni bamba la umeme lililo ndani ya trei, lenye sensa za mwendo. Nalo linabadilishwa bila kufungua giaboksi yote.

Na je, hidroliki ibadilishwe? Hapa kuna imani mbili zinazopigana. Moja inasema ni ya maisha yote. Nyingine inasema ukiibadili kwenye gari lenye kilomita nyingi giaboksi itakufa wiki ijayo. Ya kwanza ilisemwa na viwanda wakifikiria mteja wa kwanza, ambaye angeuza gari kabla ya kilomita 150,000. Ya pili imezaliwa na watu wanaobadili hidroliki giaboksi ikiwa tayari inateleza, wakiitumaini kama dawa. Ilikuwa inakufa, mafuta mapya yakasingiziwa. Kama gia zinaingia vizuri, badili, pamoja na chujio, na weka kiwango kilichoandikwa kwa giaboksi hiyo, 236.10 au kilichofuata cha 236.14, siyo ile nyekundu ya kila gari. Kiasi kinapimwa hidroliki ikiwa na nyuzi 80. Kijiti cha kupimia hakiji na gari, fundi awe nacho. Kama tayari inateleza, weka akiba ya giaboksi, mafuta hayataiponya.

Kingine: rejeta ndiyo inayopoza hidroliki pia, vyumba viwili jirani ndani ya chuma kimoja. Ukuta kati yao ukipasuka, kulanti inaingia kwenye giaboksi na kuanza kuzibandua klachi. Gari linatikisika kama linapita kwenye matuta madogo, kwenye mwendo wa kawaida, barabara ikiwa safi. Hidroliki yenye rangi ya maziwa ya waridi ni taarifa ya msiba.

Breki, kwa heshima zote

W211 za kuanzia 2002 hadi maboresho ya 2006 zina mfumo wa SBC. Ukikanyaga pedali, huendi moja kwa moja kwenye breki. Unatuma ombi, na pampu ya umeme yenye hifadhi ya shinikizo inabana magurudumu. Mwaka 2004 Mercedes-Benz iliyaita magari 680,000 yakaguliwe kwa ajili ya mfumo huu, na mwaka 2006 ikaurudisha mfumo wa kawaida. Haimaanishi ukimbie gari. Ina maana mbili. Kwanza, betri dhaifu hapa siyo usumbufu, ni suala la usalama. Pili, pampu inahesabu ulivyokanyaga, na hesabu ikifika kikomo inadai huduma kwa maandishi mekundu. Mwenye mashine anayekufutia hesabu bila kukagua pampu amekuondolea king'ora na kuacha moto.

Fundi anayebadili pedi ajue kuwa mfumo huu unaamka wenyewe. Kufungua mlango au kubonyeza rimoti kunatosha. Pistoni zinatoka kwa nguvu vidole vikiwa katikati. Lazima uzimwe kwa mashine kwanza. Ukikuta kijana anavuta kalipa kwa bisibisi bila kuuliza gari ni la mwaka gani, msimamishe, kwa ajili yake mwenyewe.

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na kandokando ya ziwa unyevu upo. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Iliyokwisha kunywa maji kiwango chake cha chini ni 155. Kushuka kutoka Bugando na abiria wanne, ukikanyaga njia nzima, ndiko tofauti hiyo inakotokea. Kila miaka miwili, mwaga.

Bushi, boljointi na shokapu sina la kuongeza. Barabara zetu zina mawe, kila mtu anajua. Badili kwa jozi, fanya alaimenti baadaye.

Hela iende wapi kwanza

Spea nyingi za gari hili zinatoka Kariakoo na Ilala kwa basi la usiku. Usiagize kwa kusema "sumaku ya Benzi E200". Agiza kwa namba ya chesisi, inayoanza na WDB211, muuzaji aitafute namba ya spea, akupigie picha ya lebo kabla hajafunga mzigo. Vitu vya mtumba mimi nanunua vile visivyochakaa: kioo, taa, mlango, kiti. Pampu ya maji ya mtumba, sumaku ya mtumba, temostati ya mtumba, hapana. Unanunua uchovu wa mtu mwingine.

Na makosa yote hayalingani. Kuna yanayoua gari, kuna yanayokusimamisha njiani, na kuna yanayokuudhi tu. Linaloua ni joto, oili kupungua, na ule mlio wa chaini ya taimingi unaosikika sekunde mbili tatu asubuhi ukiwasha injini baridi. Kwenye M271 chaini hurefuka, na ikiruka jino valvu zinakutana na pistoni. Hayo hayasubiri mshahara. Oili yangu naibadili kila kilomita 7,000, mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu kitabu hakikuandikwa kwa safari fupi za vumbi kati ya Nyegezi na Igoma. Yanayokusimamisha ni umeme, pampu ya mafuta, plagi ya giaboksi. Hayo yanapangiwa mwezi. Kabla ya safari ya Geita nayapitia yote kwa jioni moja, ingawa siku hizi, tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko Kigongo huku feni ikizunguka saa nzima. Kilomita 3 za daraja na mshale haujasogea.

Yanayoudhi yanasubiri. Kiti cha abiria kwenye gari langu kinakwenda mbele lakini hakirudi nyuma. Mzee wa Mabatini alikichungulia siku ile ile ya betri, akasema ni waya, kazi ya nusu siku. Nikamuuliza kama kina madhara. "Labda kwa mwenye miguu mirefu." Mke wangu ni mfupi. Nusu siku hiyo tuliitumia kutenganisha kondensa na rejeta.